Gari Likipiga Mluzi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Turbo

Mazungumzo kwa madereva, wamiliki wa magari na mafundi wa Migori na Homa Bay



Kila asubuhi kwenye steji za Migori, Awendo, Rongo, Rodi Kopany, Homa Bay na Mbita, magari huanza safari yakiwa yamejaa. Kuna matatu za kupeleka watu kazini na Probox zinazopita njia za murram za Nyatike na Ndhiwa. Kuna malori ya miwa yanayoelekea kiwanda cha Sony Sugar kule Awendo, pikapu za samaki kutoka Sori na Muhuru Bay, na ambulensi zinazowahi hospitali. Katika mengi ya magari haya, siku moja dereva husikia jambo lilelile: akikanyaga mafuta, injini inapiga mluzi. Akiinua mguu, mluzi unakatika.

Madereva wengine huongeza sauti ya redio ili wasiusikie. Wengine huambiwa steji kwamba turbo imekufa, wakakopa pesa, wakanunua nyingine, na mluzi ukabaki palepale. Kunyamaza kunagharimu, na kununua kwa haraka kunagharimu pia.

Ujumbe wa mazungumzo haya ni mfupi. Mara nyingi mluzi ni hewa inayojipenyeza mahali ambapo haikupaswa kupita. Kazi ya kwanza ni kutafuta mahali hapo, kwa kuanza na vitu vya bei nafuu: klipu, mpira, filta na gasketi. Turbo iwe ya mwisho kushukiwa, na isinunuliwe kabla ya kupimwa.

Jambo hili linamhusu nani

Asiye na gari anaweza kudhani kwamba habari hii si yake. Lakini karibu kila mkazi hubebwa na gari la mtu mwingine. Mama mjamzito anayetolewa Muhuru Bay usiku, au mgonjwa anayetolewa Mbita kupelekwa hospitali kubwa, anategemea injini isiyopoteza nguvu katikati ya mlima. Abiria 14 waliofunga madirisha kwa sababu ya mvua hupumua hewa iliyomo ndani ya matatu, na kama moshi wa injini unavuja chini ya boneti, hewa hiyo inaweza kuwa na sumu. Na kuna mluzi mmoja unaotoka kwenye mfumo wa breki, ambao dereva akiupuuza atakuja kuujua kwenye mteremko.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya sheria za Kenya, katika kifungu cha 55, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Lakini mwaka una siku 365, na ukaguzi ni wa siku moja. Siku nyingine zote mkaguzi ni dereva mwenyewe na masikio yake.

Eneo hili pia lina mambo yake. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za murram huingia kila tundu. Kandokando ya ziwa, wadudu wanaoruka kwa makundi huziba filta za hewa. Mashimo hutikisa injini hadi klipu zinalegea. Tena, magari mengi ya hapa yaliingia nchini yakiwa yameshatumika. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo gari linaweza kushuka Mombasa likiwa na mipira yenye umri wa miaka 7. Mpira huo ukikaa karibu na injini yenye moto kwa miaka mingine mitano au sita, hukauka na kupasuka. Gari linaweza kung'aa nje huku mipira yake ikiwa mizee.

Jinsi hewa inavyosafiri

Injini hupumua kama mtu. Huvuta hewa safi, huichanganya na mafuta, huchoma, kisha hutoa moshi. Mluzi unaweza kutoka katika hatua yoyote ya safari hiyo.

Hatua ya kwanza ni kutoka nje hadi kwenye filta ya hewa. Hapa injini inavuta, kwa hiyo tundu lolote baada ya filta huingiza hewa yenye vumbi.

Hatua ya pili inategemea aina ya injini. Kwenye gari la petroli lisilo na turbo, injini huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na mipira myembamba kadhaa huchukua mvuto huo kwa kazi nyingine, hasa kusaidia breki. Kwenye gari lenye turbo, hewa husukumwa kwa nguvu kupitia mabomba na kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, hadi kwenye injini. Hapa tundu hutoa hewa nje badala ya kuiingiza.

Hatua ya tatu ni moshi wenye moto unaotoka kwenye injini kupitia bomba la moshi.

Turbo ni nini basi? Ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka huzungusha feni moja, na feni ya pili husukuma hewa safi ndani. Wazo hili ni la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyelisajili mwaka 1905. Katika magari ya leo feni hizo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo, turbo nzima huwa na mvumo wake mwembamba hata ikiwa haina kosa. Dereva anayelijua gari lake hahangaishwi na mvumo aliouzoea. Kinachopaswa kumshtua ni mlio mpya, mlio uliopanda, au mlio ulioandamana na kupungua kwa nguvu.

Kwanza kabisa, mwenye gari ajue kama gari lake lina turbo. Probox za petroli zilizojaa barabara za hapa hazina. Fundi anayemwambia mwenye Probox ya petroli kwamba turbo imekufa anauza kitu ambacho gari halina. Hiace nyingi za dizeli zenye injini za 1KD na 2KD zinayo, na malori mengi ya Isuzu FRR yanayo. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambazo zimetumika sana kama magari ya kazi na ambulensi, zilitoka kiwandani bila turbo.

Maswali manne kabla ya kushika spana

Kusikiliza hakulipiwi. Dereva ajibu maswali manne, na majibu hayo ayapeleke kwa fundi.

Swali la kwanza: je, mluzi unasikika gari likiwa limesimama na injini ikinguruma polepole? Ukisikika hapo kwenye gari la petroli, ishukiwe mipira ya mvuto wa hewa. Gari la turbo likinyamaza wakati limesimama, kisha likapiga mluzi linapopanda mlima na mzigo, yashukiwe mabomba ya hewa iliyosukumwa. Hewa hiyo huwa na nguvu pale tu injini inapofanya kazi ngumu.

Swali la pili: je, mluzi unafuata injini au unafuata magurudumu? Kwenye barabara tupu na salama, dereva ashikilie mwendo uleule kwa gia mbili tofauti. Sauti ikibadilika pamoja na mzunguko wa injini, tatizo liko kwenye injini. Sauti ikibaki ileile kwa mwendo uleule, ichunguzwe beringi ya gurudumu, difu, mpira wa mlango au kerea ya juu inayokata upepo.

Swali la tatu: je, nguvu zimepungua? Gari lililokuwa likipanda kwa gia ya tatu likianza kudai ya pili, hewa inapotea.

Swali la nne: moshi una rangi gani? Moshi mweusi kwenye gari la dizeli mara nyingi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo turbo au injini yenyewe inaweza kuwa na kosa.

Usalama kwanza

Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru na magurudumu yawekewe mawe. Asiwepo mtoto karibu. Mikono mirefu ya shati, leso na kamba za shingoni ziwekwe mbali na feni na mikanda. Bomba la moshi na turbo visiguswe kabla ya kupoa. Mtu asitie mkono kwenye mdomo wa turbo injini ikiwa inanguruma, kwa sababu feni hiyo hukata kidole mara moja.

Kuna desturi ya kupuliza petroli au dawa ya kuwashia injini juu ya mipira ili kusikia kama injini itabadilika. Iachwe. Injini yenye moto na petroli ya kupuliza ni jinsi magari yanavyoungua. Maji yenye sabuni kwenye chupa ya kupulizia hufanya kazi hiyo bila hatari ya moto, mradi yawekwe mbali na nyaya za umeme.

Gari la petroli lisilo na turbo

Fundi aanze kwenye kisanduku cha filta ya hewa. Mara nyingi filta ilitolewa kusafishwa, kifuniko hakikukaa vizuri, na klipu moja haikufungwa. Injini huvuta hewa kwenye ufa ule na kupiga mluzi kila inapokanyagwa. Kuirudisha klipu hakuhitaji hata shilingi. Filta iliyoziba kwa vumbi nayo hufanya injini ivute kwa shida na kutoa mlio, na dawa yake ni filta mpya. Kuipiga filta ya karatasi kwa hewa kali ya kompresa huitoboa matundu madogo yanayopitisha vumbi hadi ndani ya injini.

Kisha afuate mpira mkubwa unaotoka kwenye filta. Aukunje kwa mkono, hasa kwenye mikunjo yake, kwa kuwa ufa hujificha huko na hufunguka pale injini inapotikisika.

Baada ya hapo ni mipira myembamba. Injini ikiwa imesimama, kila mpira ubinywe. Ulio mgumu kama mti au uliopasuka mwishoni umefika mwisho wake. Injini ikinguruma, maji ya sabuni yapulizwe kidogo kwenye maungio. Mluzi ukibadilika au maji yakifyonzwa, mahali pamepatikana. Dalili nyingine ya uvujaji huu ni injini kupanda na kushuka yenyewe ikiwa imesimama, na taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi.

Mpira mmoja usichezewe: ule mnene unaokwenda kwenye chombo cha duara kilicho nyuma ya pedali ya breki. Huo ndio unaosaidia mguu wa dereva kukamata breki. Ukivuja, pedali huwa ngumu na gari huchelewa kusimama. Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, aendelee kuikanyaga, kisha awashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isiposhuka, gari lisiondoke, hata kama safari ni ya kutoka Rongo hadi Awendo tu.

Gari la dizeli lenye turbo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Baada ya turbo, hewa husukumwa kupitia mabomba na mipira iliyofungwa kwa klipu. Klipu ikilegea, hewa hutoka kwa mluzi kila gari linapopanda, na moshi mweusi hufuata.

Uvujaji wa aina hii huacha alama. Hewa inayotoka kwenye turbo hubeba ukungu kidogo wa oili, na ukungu huo ukitoka kwenye ufa hunasa vumbi. Kwa hiyo fundi atafute mahali palipo na uchafu mweusi wenye unyevu kwenye maungio ya mipira, chini ya mipira hasa, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo kidogo na tochi. Aangalie pia pembe za intakula na mahali ambapo mpira unasugua chuma.

Kama macho hayakuona kitu, kuna kipimo cha gereji. Mdomo wa kuingizia hewa huzibwa kwa kizibo maalumu, kisha hewa ya kompresa huingizwa taratibu kwa kipimo kisichozidi kile ambacho turbo hiyo hutoa. Maji ya sabuni hupulizwa kwenye kila ungio. Povu likiibuka, ufa umejitangaza. Gereji isiyo na kifaa cha kupimia nguvu ya hewa isijaribu, kwa sababu hewa ikizidi hupasua mipira iliyokuwa mizima.

Chukulia mfano wa Hiace ya dizeli inayokwenda Migori hadi Homa Bay kupitia Rongo na Rodi Kopany. Mwenyewe ni mama anayelipa mkopo wa sacco kila mwezi. Dereva anarudi jioni na habari kwamba gari linapiga mluzi, limekosa nguvu na linatoa moshi mweusi. Fundi wa kwanza anasikiliza kwa dakika mbili, anasema turbo. Bei yake ni sawa na mapato ya wiki nyingi. Mama akikubali usiku huo, kesho gari halitoki, mkopo utachelewa, na turbo mpya itafungwa kwenye mabomba yaleyale yanayovuja. Akiuliza swali moja tu, "Umepima mabomba?", na fundi akaonyesha klipu iliyolegea chini ya intakula, gari linarudi barabarani asubuhi kwa bei ya klipu. Tofauti ya matokeo hayo mawili ni ukaguzi wa nusu saa.

Turbo yenyewe ikishukiwa

Kuna wakati turbo ndiyo mbaya kweli. Mlio wake huwa mkali na hupanda pamoja na injini kama king'ora. Mara nyingi huandamana na moshi wa buluu na oili inayopungua kila siku.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fundi atoe mpira wa kuingizia hewa na aiguse feni kwa kidole. Feni izunguke kwa wepesi. Ikitikiswa kwenda upande na upande, mchezo mdogo ni wa kawaida, kwa kuwa mhimili huelea juu ya oili. Mapanga yake yasiguse ukuta. Ikivutwa mbele na nyuma, isisogee kiasi cha kuhisika vizuri. Mapanga yaliyopinda, yaliyokatika au yenye alama za kusugua ni ushahidi wa kutosha.

Hata hapo, kubadilisha turbo bila kujua kilichoiua ni kuandaa maziko ya turbo ya pili. Turbo nyingi huuawa na oili: oili chafu, oili pungufu, au bomba dogo la oili lililoziba kwa masizi. Bomba hilo lisafishwe au libadilishwe, oili na filta yake vibadilishwe, na oili iliyojaa kwenye intakula imwagwe. Kama mapanga yalikatika, kila kipande kitafutwe kabla injini haijawashwa.

Kuna hatari moja ambayo kila dereva wa dizeli anapaswa kuijua. Turbo ikipasuka na kumwaga oili kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuanza kuchoma oili hiyo kama mafuta. Itanguruma kwa kasi yenyewe, na kuzima ufunguo hakutaisimamisha. Kwenye gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu, aingize gia ya juu na kuachilia klachi ili injini izimike. Abiria watoke na wakae mbali. Mtu asiiname juu ya boneti.

Moshi unaovuja chini ya boneti

Gasketi iliyo kati ya injini na bomba la moshi ikiungua, moshi hutoka kwa mluzi au mlio wa tik-tik. Sauti huwa kubwa asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hupungua chuma kinapopanuka kwa joto. Masizi meusi kuzunguka gasketi ndiyo alama yake.

Hili lisichukuliwe kuwa kelele tu. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaweza kuingia ndani ya gari, na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Abiria kadhaa wakianza kulalamika kichwa kwa wakati mmoja, gari lisimame, madirisha na milango ifunguliwe, watu watoke nje. Aliyezidiwa apelekwe hospitali, au ipigwe simu 999 au 112.

Mikanda na beringi

Mkanda wa injini, ule unaoitwa fenibelti, hulia kwa sauti kali hasa asubuhi yenye unyevu, au taa na feni ya ndani zinapowashwa. Mkanda wenye nyufa, uliong'aa kama kioo au uliolowa oili ubadilishwe. Ukiwa mzima lakini umelegea, ukazwe kwa kipimo. Mkanda uliokazwa mno huua beringi ya alteneta na ya pampu ya maji. Beringi inayokufa nayo huvuma. Ikipasuka njiani, mkanda hutoka, na injini inaweza kuchemka kabla dereva hajafika kituo kinachofuata.

Kutengeneza ili kudumu

Mpira uliopasuka dawa yake ni mpira mwingine. Kuuzungushia tyubu ya baiskeli au tepu kunaweza kulifikisha gari nyumbani, lakini hakulifikishi mwezi ujao. Mpira wa hewa ya turbo uwe wa aina inayostahimili joto, nguvu ya hewa na oili, kwa kuwa mpira wa maji hulainika na kupasuka. Klipu iwe ya ukubwa sahihi na ikae nyuma ya ukingo wa bomba, na ungio lifutwe oili kabla ya kufungwa. Gasketi mpya isifungwe juu ya chuma kilichopinda.

Ili mluzi usirudi, filta ya hewa ikaguliwe mara kwa mara zaidi kwa magari ya njia za vumbi kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Oili ibadilishwe kwa wakati na iwe ya daraja linalotakiwa. Baada ya kupanda mlima na mzigo, injini yenye turbo iachwe ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili ipoze mhimili.

Kuongea na fundi

Migori na Homa Bay zina mafundi hodari waliojifunza chini ya miti na mabati, na wengine waliofanya mitihani ya ufundi ya mamlaka ya NITA kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Cheti ni jambo jema, na mwenye gari ana haki ya kukiuliza. Lakini fundi hujulikana zaidi kwa jinsi anavyopima.

Kwa hiyo mwenye gari ampeleke fundi barabarani asikie mluzi mwenyewe. Aulize kilichopimwa na jinsi kilivyopimwa. Aombe kuonyeshwa ufa kabla ya kulipia spea. Adai kipande cha zamani kikitolewa, na risiti ya kipya. Mwisho, gari lipande mlima uleule, na mzigo uleule, kabla ya malipo kukamilika. Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Yanamlinda hata yeye, kwa sababu mteja aliyeona ufa kwa macho yake hawezi kusema aliibiwa.

Kwa magari yanayoendeshwa na madereva wengi kwa zamu, kama ambulensi, magari ya shule na matatu za sacco, daftari la dashibodi lisaidie. Dereva wa usiku aandike: mluzi, ulianza lini, gari likiwa na mzigo gani, moshi wa rangi gani. Wa asubuhi asome kabla ya kuwasha. Mluzi ulioandikwa leo unaweza kuzuia gari kukwama wiki ijayo likiwa na mgonjwa ndani.

Wakati wa kusimama bila kubishana

Kuna miluzi inayoweza kungoja hadi jioni, na kuna isiyongoja. Gari lisimame mara moja pedali ya breki ikiwa ngumu, taa ya oili ikiwaka, moshi mzito wa buluu ukitoka, abiria wakipata kizunguzungu, au mluzi ukigeuka kuwa mkwaruzo wa chuma. Hakuna nauli inayofidia hayo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chini ya boneti, ufa wenyewe hupiga mluzi ili upatikane. Dereva auzime redio, asikilize, aseme mapema. Mwenye gari apime kabla ya kununua. Fundi aonyeshe kabla ya kulipwa. Na abiria anayesikia mluzi akiwa kwenye kiti cha nyuma asione haya kumwambia dereva, kwa kuwa safari ni ya wote.